Hazina za Gamma, Januari 2024: kinga ilikuwepo, namba yake ndiyo iliyoponza

Tarehe 4 Januari 2024, mshambuliaji kwenye Arbitrum, mmoja wa mitandao ya kripto, aliingia katika hazina za Gamma Strategies, huduma iliyosimamia sarafu za wawekezaji kwa programu, kupitia mlango uleule wanaoutumia wawekezaji wote: kuweka amana. Hakuiba ufunguo wa siri wa mtu, wala hakumrubuni mfanyakazi yeyote. Aliweka fedha, mkataba mahiri (programu inayojiendesha yenyewe kwenye mtandao) ukampa hisa, kisha akarudisha hisa hizo na kuchukua fedha. Ila hisa alizopewa zilizidi mno thamani ya alichoweka, na ziada hiyo ilitoka kwa wenye hazina waliomtangulia. Taarifa za mwanzo zilizungumzia etha (sarafu ya mtandao wa Ethereum) 1,535 hivi, sawa na dola milioni 3.4. Hesabu za baadaye zikapanda hadi kwenye dola milioni 6 na ushei.

Visa vya wizi wa kripto ni vingi, na vingi havina la kufundisha zaidi ya uzembe wa nywila. Hiki nimekichagua kwa sababu kinga dhidi ya shambulio la aina hii ilikuwa imeshajengwa, ilikuwa ndani ya mfumo, na ilikuwa ikifanya kazi kama ilivyoandikwa. Kilichokosewa ni namba iliyowekwa ndani yake. Naamini wanaoweka fedha zao kwenye huduma za aina hii, na wanaozijenga, hawajalipa jambo hilo uzito unaostahili.

Tuanze na kwa nini hazina hizi zipo. Uniswap, soko la kubadilishana kripto, ilipoleta toleo lake la tatu Mei 2021, ilibadilisha namna ya kuweka ukwasi, yaani sarafu ambazo wengine hubadilishana nazo, kwenye masoko ya kripto yasiyo na msimamizi wa kati. Zamani ulikuwa unaweka sarafu mbili kwenye bwawa, yaani akiba ya pamoja ya jozi hiyo, na fedha yako inasambaa kwenye bei zote, kuanzia sifuri hadi zisizo na mwisho. Toleo la tatu lilikuruhusu kuchagua wigo wa bei. Ukisema ukwasi wako ufanye kazi kati ya dola 1,800 na 2,200 kwa etha moja, basi kila anayebadilisha sarafu ndani ya wigo huo anakulipa ada, na unapata ada nyingi zaidi kwa kila dola uliyoweka kwa sababu hujaitawanya kwenye bei ambazo hazifikiwi.

Taabu ni kwamba bei haikai mahali pamoja. Etha ikipanda hadi 2,300, umeshauza etha zako zote njiani, umebaki na dola tupu, na ada imekoma. Ukitaka kuendelea kulipwa inabidi uvunje nafasi yako, ununue tena sehemu ya etha kwa bei ya juu, uweke wigo mpya, na kila hatua ulipie gharama za mtandao. Mwenye mtaji mdogo humalizwa na gharama hizo. Mwenye mtaji mkubwa humalizwa na kukesha. Utafiti uliotoka Novemba 2021 ulipima mabwawa 17 makubwa ya toleo hilo na kukuta ada za dola milioni 199 dhidi ya hasara ya mpishano wa bei (upungufu ukilinganisha na kuzishika tu sarafu) ya dola milioni 260, na karibu nusu ya waliotoa ukwasi wangekuwa na hali nzuri zaidi kama wangeziacha sarafu zao kwenye pochi. Utafiti huo ulishirikisha watu wa Bancor, mshindani wa Uniswap, kwa hiyo usomwe ukijua hilo. Hata hivyo picha yake inafanana na waliyokuwa wakiyasimulia waliojaribu kuisimamia kazi hii kwa mikono.

Hapo ndipo zilipozaliwa huduma za kusimamia nafasi za ukwasi kwa programu. Unaweka sarafu zako kwenye hazina ya pamoja, programu inachagua wigo, inauhamisha bei inapohama, inarudisha ada kwenye mtaji, na wewe unashikilia tokeni zinazoonyesha hisa yako. Gamma ilikuwa miongoni mwa zilizoenea sana. Haikuishia Uniswap: masoko ya QuickSwap kwenye mtandao wa Polygon na Camelot kule Arbitrum yalikuwa na hazina zinazosimamiwa na Gamma, kiasi kwamba mtumiaji angeweza kubofya kitufe kwenye ukurasa wa soko lake alilolizoea na fedha ikaishia kwa Gamma bila yeye kulifikiria jina hilo.

Sasa tufike kwenye kiini. Aliyewahi kukaa kwenye VICOBA anajua swali gumu kuliko yote pale mwanachama mpya anapotaka kuingia kikundi kikiwa tayari kina mali: hisa moja leo ni shilingi ngapi? Ukimuuzia kwa bei ya chini, wanachama wa zamani wamepunjwa. Ukimuuzia kwa bei ya juu, yeye ndiye aliyepunjwa. Hazina ya ukwasi inakutana na swali hilohilo kila mara mtu anapoweka amana, na inalijibu kwa programu, bila mweka hazina wa kuinua macho na kuuliza.

Gamma ililijibu hivi. Hazina ina sarafu mbili, tuziite A na B. Mkataba unachukua bei ya A kwa B kama ilivyo sokoni wakati huo, unageuza amana yako yote kuwa thamani ya B, unageuza mali yote ya hazina kuwa thamani ya B, kisha unakupa hisa kwa uwiano wa thamani hizo mbili. Ni hesabu ya haki kabisa, mradi bei iwe ya kweli.

Nani anahakikisha kwamba bei ni ya kweli? Bei ya papo hapo ya bwawa inaweza kusukumwa na mtu yeyote mwenye fedha nyingi kwa muda mfupi, na kwenye ulimwengu huu fedha nyingi kwa muda mfupi si tatizo. Ipo mikopo ya kufumba na kufumbua: unakopa mamilioni bila dhamana yoyote kwa sharti kwamba uyarudishe ndani ya muamala huohuo. Usiporudisha, muamala wote unafutika kana kwamba haukutokea. Kwa hiyo mtu asiye na kitu anaweza kuwa tajiri kwa muda wa muamala mmoja, na muda huo unatosha.

Nitaonyesha kwa namba za mviringo, ambazo ni zangu na si za muamala halisi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Hazina ina A 500,000 na B 500,000, zote mbili ni sarafu zinazofuata dola, kwa hiyo mali yake ni dola milioni moja, na hisa zilizotolewa ni milioni moja. Wigo wake ni mwembamba kuizunguka bei ya 1, kama inavyofaa kwa sarafu za aina hiyo, na tuchukulie kwamba hakuna mtu mwingine mwenye ukwasi kwenye bwawa. Mshambuliaji anakopa B 500,000 na kununua A zote 500,000 za hazina. Sasa hazina ina B milioni moja na haina A hata moja. Nje ya wigo huo mwembamba hakuna ukwasi, kwa hiyo kuisukuma bei ya A hadi 2 hakugharimu chochote cha maana.

Kisha anaziweka amana zile A 500,000 alizozinunua dakika hiyohiyo. Mkataba unaangalia bei na kukuta A moja ni B mbili. Amana yake inahesabiwa kuwa B milioni moja. Mali ya hazina ni B milioni moja. Basi anapewa hisa milioni moja, nusu ya hazina nzima. Anazirudisha hisa hizo papo hapo na kuchukua nusu ya kila kilichomo: B 500,000 na A 250,000. B anazirudisha kwa aliyemkopesha. A 250,000 zinabaki mkononi mwake, na hakuwa amekuja na senti.

Mwenye hisa 1,000 kabla ya muamala huo bado ana hisa 1,000 baada yake. Akiangalia pochi yake haoni kilichopungua. Kilichopungua ni kile hisa hizo zinachoweza kudai: dola 1,000 zimekuwa 750.

Na hapo mshambuliaji amekuwa mpole. Akikopa pia A milioni 10 na kuziweka amana kwa bei hiyohiyo ya uongo, anatoka na faida ya dola 476,000 hivi. Kadiri amana inavyokuwa kubwa ndivyo faida inavyokaribia nusu ya mali ya hazina, na hiyo ndiyo kanuni ya jumla: bei ikiruhusiwa kupandishwa mara mbili, nusu ya mali iko hatarini kwa mzunguko mmoja. Ikiruhusiwa kupanda kwa asilimia 50, theluthi moja. Ikiruhusiwa kupanda kwa asilimia 200, yaani kuwa mara tatu, theluthi mbili.

Watu wa Gamma walilijua hili. Walikuwa na kila sababu ya kulijua, kwa sababu lilishawakuta. Kabla ya kuitwa Gamma mradi huu uliitwa Visor Finance, na Novemba 2021 hazina zake zilipoteza karibu dola milioni moja kwa njia ya ukoo huohuo: mkopo wa kufumba na kufumbua, bei ya papo hapo iliyosukumwa, hisa zilizotolewa kwa bei hiyo. Mwezi uliofuata likaja pigo jingine la aina tofauti, tokeni milioni 8.8 za VISR, tokeni ya mradi wenyewe, zikachukuliwa kwenye mkataba wa kuwekea tokeni hizo, na bei yake ikaporomoka. Mradi ulibadili jina na tokeni, ukajijenga upya, na miaka miwili baadaye ulikuwa umeaminiwa na masoko kadhaa. Sitaki kuwabeza kwa hilo. Kurudi sokoni baada ya mapigo mawili na kuaminiwa tena si kazi ya siku moja.

Mfumo wa Gamma ulikuwa na kinga zaidi ya moja kwenye mlango wa amana, na iliyo muhimu kwetu ni kikomo cha mabadiliko ya bei. Kinafanya kazi hivi: kabla ya kukubali amana, mkataba unalinganisha bei ya papo hapo na bei ya wastani wa muda uliopita. Bei ya wastani haisukumiki ndani ya muamala mmoja, maana inapimwa kwa sekunde na ndani ya muamala hakuna sekunde inayopita. Bei mbili hizo zikitofautiana kupita kikomo, amana inakataliwa. Ni kinga nzuri. Mshambuliaji wa mfano wetu angefika mlangoni na bei ya 2, mkataba ungeona wastani wa 1, na mambo yangeishia hapo.

Isipokuwa kikomo kiwe kinaruhusu. Gamma wenyewe walieleza baada ya tukio kwamba kwenye baadhi ya hazina kikomo hicho kilikuwa kimewekwa juu mno, kikiruhusu mabadiliko ya bei ya asilimia 50 hadi 200. Mshambuliaji alisukuma bei hadi chini kidogo tu ya kikomo, na kinga ikampitisha, kwa sababu kwa mujibu wa namba iliyopewa hakuwa amevunja sharti lolote.

Ukiangalia ni hazina zipi, unashika kichwa. Zilikuwa za sarafu zinazofuata dola, na za tokeni zinazowakilisha etha iliyofungiwa kwenye mtandao ili kuulinda. Hizi ndizo jozi ambazo bei yake haitakiwi kusogea kwa kasi. Dola ya kidijitali dhidi ya dola nyingine ya kidijitali ikisogea kwa asilimia moja, ni habari ya ukurasa wa mbele. Machi 2023, USDC, mojawapo ya sarafu zinazofuata dola, ilipoteleza hadi chini ya senti 90 baada ya benki ya Silicon Valley Bank kuanguka, soko zima lilitikisika, na hata mtikisiko huo haukufika asilimia 50. Kama kuna mahali kikomo kilistahili kubanwa kuliko pote, ni hapa.

Turudi kwenye mfano tuone kikomo kilichobanwa kinafanya nini. Tuseme kinaruhusu asilimia 0.1 tu. Ule ujanja wa kwanza, wa amana ya A 500,000, unampa mshambuliaji faida ya dola 333 hivi. Lakini bwawa lenye ada ya asilimia 0.05 limeshamtoza dola 250 aliponunua A, na safari hii B anazozipata hazitoshi kulipa mkopo, inabidi auze A nyingine na kutozwa tena. Anabaki na patupu, na gharama za mtandao juu yake. Hakuna sheria wala polisi hapo, ni hesabu tu iliyokataa. Na hata akijaza amana ya mamilioni, atakachoweza kukimega kwa mzunguko mmoja hakizidi asilimia 0.1 ya hazina. Kwa jozi za aina hii, kazi ya kikomo ni kuhakikisha faida ya kusukuma bei haifiki gharama ya kuisukuma, na kikisaidiwa na ukomo wa kiasi cha amana moja, ujanja huu hauna maslahi tena.

Kwa nini basi mtu yeyote aweke kikomo kilicholegea? Kikomo kilichobanwa kina usumbufu wake, na anayeusikia kwanza ni mteja mwaminifu. Soko likichangamka kidogo, bei ya papo hapo inajitenga na wastani, amana za watu zinakataliwa, na malalamiko yanafurika kwenye vikundi vya Telegram na Discord. Kila amana iliyokataliwa inaonekana na inahesabika. Shambulio ambalo halijatokea halionekani popote. Shinikizo la kulegeza ni la kila siku, shinikizo la kubana linakuja siku fedha zinapoondoka. Ukiongeza hazina kwa makumi, kwenye mitandao mingi, kila moja na mipangilio yake, kuna nafasi kubwa ya namba moja kupita bila mtu kuikazia macho.

Ukaguzi wa usalama nao hausaidii hapo kama watu wanavyodhani. Mkaguzi husoma msimbo, yaani maandishi ya programu. Akikuta kinga ya bei imeandikwa sawasawa, anaandika kwamba ipo na inafanya kazi. Namba itakayowekwa baadaye, kwa hazina itakayofunguliwa miezi sita mbele, kwenye mtandao ambao huenda haujazinduliwa, haimo kwenye karatasi aliyoikagua. Msimamo wangu ni kwamba mkataba wenye namba fulani na mkataba uleule wenye namba nyingine ni mikataba miwili tofauti kwa upande wa usalama. Anayeweza kubadili namba hiyo ameshika sehemu ya msimbo mkononi, na anastahili kuwekewa masharti yaleyale: zaidi ya saini moja, muda wa kusubiri kabla badiliko halijaanza kutumika, na tangazo ambalo mwekezaji anaweza kuliona na kuondoka kama haliridhii.

Gamma walipogundua kinachoendelea walifunga amana kwenye hazina zote na kuacha utoaji wazi. Huo ulikuwa uamuzi sahihi na nausifu. Mlango uliotumika kuiba ni wa kuingilia. Kuufunga kulizuia madhara zaidi, na kuacha wa kutokea wazi kuliwaachia watu hiari juu ya kilichobaki. Miradi mingine ikipigwa hufunga vyote viwili, na wenye fedha wanabaki wakisubiri matangazo. Marekebisho yaliyofuata yalianzia pale kosa lilipokuwa, kwenye kushusha vikomo vya bei.

Ipo njia nyingine inayoikwepa bei yenyewe. G-UNI ya Gelato, huduma nyingine ya kusimamia ukwasi, ambayo baadaye ikawa Arrakis Finance, ilitoa hisa kwa uwiano wa mali iliyomo: hazina ikiwa na A tatu kwa kila B moja, nawe ulete A tatu kwa kila B moja, upewe hisa sawasawa na sehemu uliyoongeza. Hakuna bei inayohitajika kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo anayesukuma bei hapati hisa za bure. Kwenye mfano wetu, hazina ikiwa imebaki na B tupu, mshambuliaji angelazimika kuleta B tupu, na angepata hisa za thamani ileile aliyoleta. Hiyo haifuti hatari zote. Programu inapohamisha wigo na kuuza sarafu sokoni bado inaweza kuviziwa kwa bei iliyosukumwa, na mwekezaji mwenyewe anahitaji ulinzi ili asiweke kwa uwiano uliopotoshwa. Lakini mlango wa amana, ule uliotumika Novemba 2021 na ukatumika tena Januari 2024, unakuwa umezibwa bila kutegemea mtu kukumbuka namba.

Gharama yake ni kwamba mtumiaji lazima aje na sarafu zote mbili kwa uwiano kamili, au mtu mwingine ambadilishie njiani kwa ada. Wanaojenga huduma hizi wanajua wateja wanachukia hatua ya ziada, na ndiyo maana mlango unaopokea sarafu kwa ulegevu, kisha kukadiria thamani kwa bei, bado unavutia. Kwa hazina inayotumia mlango wa aina hiyo, mwekezaji ana haki ya kupata majibu matatu kabla ya kuweka chochote: kikomo cha bei kwa jozi hii mahususi ni asilimia ngapi, kiasi cha juu cha amana moja ni kipi, na nani anaweza kuvibadilisha leo usiku. Vyote vimo kwenye mnyororo, yaani daftari la wazi la mtandao, na vinasomeka. Mradi unaoshindwa kuviweka kwenye ukurasa uleule unaotangaza faida ya mwaka unamficha mteja wake kitu ambacho mshambuliaji tayari anakisoma.